Tupeane uzoefu: kuvunja mipira tisa kunawatesa wote ama ni mimi tu?

MzeeWaNyeupe, Umoja

Wadau, hamjambo. Jana usiku kwenye meza ya pool nimemwona kijana mmoja akivunja mipira tisa, yaani lile pigo la kwanza la kuitawanya. Namba moja ilipigwa usoni kabisa, mipira ikatawanyika meza nzima, nyeupe, ule mpira unaopigwa na fimbo, ikarudi nyuma kidogo ikasimama katikati. Roho iliniuma. Kulenga, kukata (kuugonga mpira ubavuni uende pembeni), kumfichia mtu mpira, hata kurusha nyeupe juu ya mpira mwingine, hayo yote nimeyafanyia mazoezi yakakubali. Kuvunja ndiko kunakataa. Leo natawanya vizuri, kesho mkono ni uleule na meza ni ileile, lakini nyeupe inaruka ukingo na kuangukia miguu ya watu.

Kinachoniudhi zaidi, hata mazoezi yenyewe hayafanyiki. Hizi meza zetu za sarafu unatia shilingi 20, mipira inashuka, unapanga, unapiga pigo moja, mitatu inaingia, basi imemezwa. Ukitaka kuvunja tena, tia sarafu nyingine. Mwenye mazoezi ya kukata anakaa nusu saa kwa sarafu moja. Wa kuvunja pesa yake imekwisha kabla choki haijamtoka vidoleni. Na wakati huo watu wameshapanga sarafu zao ukingoni, wanakutazama kama unawachelewesha.

Wewe palikuumiza wapi zaidi, na ulitokaje?

KayoleKona

Hapo kwa sarafu umesema ukweli mtupu.

BintiWaNgara

Mzee umenigusa. Mimi ni mwajiriwa, natoka kazini jioni. Na tangu ile sheria ya vileo ya 2010, baa siku za kazi zinauza kuanzia saa kumi na moja jioni, kwa hiyo meza inapofunguliwa ndipo na wateja wanapofika. Mchana mtulivu wa kujifundisha haupo. Unavunja mbele ya macho ya watu wote, spika iko juu ya kichwa chako, na kila mwanamume aliyeshika chupa ni mwalimu. "Dada, piga kwa nguvu!" "Dada, shika nyuma zaidi!" Hakuna aliyeulizwa.

Siku iliyoniuma ni hii. Nilifikiria njia ya kuzuia meza isimeze mipira: nikakunja magazeti nikayasokota kwenye mashimo yote sita, nikawa navunja, nakusanya, napanga, navunja tena. Kwa mara ya kwanza nikaanza kuona kitu. Nikasogeza nyeupe kutoka katikati hadi karibu na ukingo wa kushoto, na ule mpira wa pembeni kabisa ukaanza kukimbilia shimo la kona pigo baada ya pigo. Nilikuwa nimelipa sarafu yangu vizuri. Mwenye baa akaja, akatoa gazeti moja, akalinyoosha juu juu watu walione, akasema mimi ni mwizi wa michezo. Mwizi! Nilimwambia nitalipa kwa saa, aseme bei. Hakutaka. Nikachukua fimbo yangu nikaondoka, na baa hiyo sijairudia.

Mnaomfuata Shane Van Boening, yule Mmarekani bingwa wa dunia wa 2022, mnajua kwamba ana ulemavu wa kusikia, na akicheza huzima vifaa vyake vya masikio ili abaki na kimya chake. Ni kati ya watu wanaovunja vizuri kupita wote. Nikimtazama nawaza, mimi kimya hicho Nairobi nitakipata wapi?

KayoleKona

Pole sana dada. Huyo mwenye baa hana utu.

NguvuMosi

Poleni, lakini tatizo la wengi hapa ni woga. Kuvunja ni nguvu. Tia mwili wote, inuka kutoka kwenye fimbo, mipira itajipanga yenyewe. Ukipiga kwa nguvu lazima kitu kiingie.

Polepole_SouthB

@NguvuMosi, lazima kutoka wapi? Ushauri huu ndio unaojaza sakafu mipira myeupe. Corey Deuel wa Marekani alichukua US Open ya mipira tisa ya 2001 akivunja polepole kabisa, mpira wa pembeni unaingia kona, na mipira mingine inakaa karibu karibu anaiokota mmoja mmoja. Nguvu ilikuwa wapi hapo?

NguvuMosi

Na baada ya hapo ikawaje? Malizia hadithi. Mashindano mengi yakaweka sharti: ukihesabu mipira iliyoingia na ile iliyovuka ule mstari unaovunjia nyuma yake, ifike mitatu, la sivyo kuvunja kwako hakuhesabiki. Waliiweka kwa sababu ya watu wa polepole kama wewe.

Polepole_SouthB

Waliiweka kwa sababu ilikuwa inashinda.

FundiKitambaa

Nyinyi wawili mnabishana juu ya mkono na hamjaangalia meza. Mimi natandika vitambaa vya meza hapa Nairobi, nimezifungua nyingi, wacha niseme ninachokiona.

Kwanza, alama ya namba moja. Mpira huo unawekwa mahali palepale kila mchezo, unagongwa palepale, watu wanagonga na pembetatu, ile fremu ya kupangia mipira, hapo kuubana. Kitambaa kinatoboka, na chini yake wakati mwingine unakuta kijishimo. Mpira unakaa kwenye kijishimo, unajitenga na wenzake wawili wa nyuma. Zima muziki uniskilize hapa: ukishapanga, inama, washa tochi ya simu upande wa pili, angalia kati ya mpira na mpira. Ukiona mwanga unapita, hata mwembamba wa uzi, usivunje. Nguvu yako itaishia kwenye ule mwanya, mipira ya nyuma itatikisika tu ikae.

Pili, pembetatu zetu ni za mipira kumi na tano. Mipira tisa inakaa umbo la almasi, moja mbele, tisa katikati, kwa hiyo unabana upande mmoja na vidole, upande mwingine umelegea. Hapo ndipo kuvunja kunaharibika, mkono haujaguswa bado.

Tatu, na hili watu hawalijui: ile nyeupe. Kwenye meza nyingi za sarafu nyeupe si sawa na mipira mingine. Ama ni kubwa zaidi, ama nzito zaidi, ama ina chuma ndani, ili meza iitambue ikiingia shimoni iirudishe. Nyeupe nzito ikipiga namba moja usoni inaendelea mbele, inaingia kwenye vurugu. Sasa nenda kwenye meza kubwa ya futi tisa, uwanja wa sentimita 254 kwa 127, nyeupe uzito mmoja na mingine. Pigo lilelile linairudisha nyuma mpaka kwenye shimo la kona ulikosimama. Unadhani umesahau mchezo, kumbe umebadilishiwa mpira.

Halafu baridi. Juni na Julai vitambaa vya Nairobi vinanyonya unyevu, mipira inakuwa mizito kutembea. Usijihukumu mwezi huo.

MzeeWaNyeupe, Umoja

Fundi, hilo la nyeupe limenifungua macho. Ndiyo maana nikienda meza kubwa nyeupe inarudi kuniingia mkononi.

Githurai_Stima

Wadau mimi huwa nasoma tu sichangii, lakini hii imenikumbusha kitu kinachoniuma mpaka leo.

Desemba, mashindano ya mtaa, zawadi ni mbuzi. Mbuzi mwenyewe amefungwa nje kwa nguzo, tunamsikia. Tumefika fainali, mimi na jamaa mmoja wa Roysambu, tumefungana, mchezo wa mwisho, zamu yangu kuvunja. Baa imejaa, watu wamesimama juu ya viti. Nimepanga, nimeinama nikahakikisha kama Fundi anavyosema. Nikavuta fimbo, nikapiga. Fimbo ikagusa nyeupe na stima ikapotea.

Giza totoro. Niliusikia mlio wa mipira kugongana, mlio mzuri, ule wa kupasuka mara moja. Kisha mpira mmoja ukaanguka shimoni, tukausikia ukiteremka ndani ya meza. Kisha mwingine. Kisha kitu kikagonga sakafu. Watu wanapiga kelele, mtu amenisukuma, bia imemwagika. Simu zikaanza kuwaka moja moja.

Juu ya meza namba tisa hayupo. Tukamulika kile kioo cha pembeni ambapo mipira iliyoingia hujipanga: namba tisa ndiye wa kwanza, nyuma yake namba nne. Watu wangu wakaninyanyua juu. Tisa kwa kuvunja, mchezo umekwisha!

Jamaa wa Roysambu akasema, nyeupe iko wapi? Tukaitafuta. Iko chini ya benchi.

KayoleKona

Weeeee!

BintiWaNgara

Endelea jamani, usituache hapo.

NguvuMosi

Iliruka yenyewe ama ilisukumwa? Hiyo ndiyo kesi.

Githurai_Stima

Ndiyo kesi yenyewe. Yeye anasema iliruka kwa pigo langu, kwa hiyo ni faulo, tisa irudishwe mezani, yeye aichukue nyeupe aiweke anapotaka. Mimi nasema palikuwa na watu wameegemea meza gizani, kuna mkono uliifagia. Kile kilichogonga sakafu kilisikika baada ya mipira miwili kuingia. Nyeupe inayoruka kwa kuvunja inaruka papo hapo, haisubiri.

Na hata kurudisha tisa haikuwezekana, meza imeshaimeza, mpaka utie sarafu ushushe yote, na hapo mpangilio wote umeharibika.

Polepole_SouthB

Umesema kweli kuhusu muda. Nyeupe ikiruka huwa inaruka ikishagonga namba moja, kwa sababu fimbo iliinuliwa nyuma ikapiga nyeupe kutoka juu. Ingeanguka kabla ya mipira kuteremka.

NguvuMosi

Si lazima. Inaweza kupanda ukingo wa mbali, ikatembea juu ya mbao, ndipo ikaanguka. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Polepole_SouthB

Kwa nguvu zako wewe, naamini umeliona.

Mdau_Temeke

Wakuu, mimi ni wa Dar, niko Nairobi kikazi. Nauliza tu, mbuzi alichukuliwa na nani?

Githurai_Stima

Mwenye baa alisema yeye ndiye refa. Akaamua mbuzi achinjwe usiku uleule aliwe na wote waliokuwepo, na makaa yakawashwa hata stima haijarudi. Nilikula. Lakini yule mbuzi alikuwa wangu, na nitasema hivyo mpaka nizeeke.

Mdau_Temeke

Daah. Kweli alikuwa wako mkuu. Walipaswa kurudia mchezo, siyo kula ushahidi.

KayoleKona

Mbuzi alikuwa wake. Nani anapinga?

NguvuMosi

Mimi napinga. Faulo ni faulo.

MzeeWaNyeupe, Umoja

Ndugu zangu, huyu mbuzi atatumaliza. Githurai pole sana, na hata mimi naona mchezo ulipaswa kurudiwa. Lakini turudi, nisaidieni. Mtu afanye mazoezi vipi bila kumeza pesa?

Polepole_SouthB

Weka namba moja peke yake kwenye alama. Vunja kama mipira yote ipo. Ukiipiga usoni sawasawa na nyeupe yako imepigwa katikati, nyeupe inasimama palepale walipogongana. Ikienda kushoto au kulia, unajua ulikosea upande gani. Kwa sarafu moja una mipira kumi na tano ya kujaribia.

FundiKitambaa

Ni zoezi zuri la kulenga, lakini usidanganyike. Mpira mmoja unakimbia, mipira tisa iliyobanana inasukuma nyuma. Kwa meza kubwa, nyeupe iliyosimama kwa mpira mmoja itarudi nyuma kwa mipira tisa. Ndiyo maana wengi hupiga nyeupe juu kidogo ya katikati, wapate kuizuia.

NguvuMosi

Mimi nimesema piga chini ya katikati siku zote.

BintiWaNgara

Usimsikilize, Mzee. Punguza nguvu mpaka uone unapiga namba moja usoni kila mara, ndipo uongeze kidogo kidogo. Na usivunje kwa fimbo yako ya kuchezea, ile ngozi ya mbele inapanuka inakuwa uyoga, halafu hata kukata kutakataa. Tumia fimbo ya baa kuvunjia.

Mdau_Temeke

Mimi kwetu nilifundishwa kuvuta pumzi, kutazama namba moja, na kutotazama nyeupe tena wakati wa kupiga. Inanisaidia.

KayoleKona

Mimi nilifundishwa kutazama nyeupe.

FundiKitambaa

Kuna kitu kimoja zaidi. Siku hizi mashindano makubwa yanapanga namba tisa juu ya alama, namba moja inasogea mbele. Ule mpira wa pembeni aliousema dada wa Ngara haukimbilii kona tena kirahisi. Kwa hiyo ukijifunza, jifunze kwa mipango yote miwili, usije ukafika mashindanoni ukashangaa.

Mzee, kuna ukumbi ninaoutunza upande wa Eastleigh, hauuzi pombe, unafungua asubuhi, meza mbili za futi tisa, unalipa kwa saa. Jumapili nakwenda kubadilisha kitambaa cha moja, ya pili iko wazi. Njoo, na dada wa Ngara kama anaweza. Kimya kipo.

BintiWaNgara

Nakuja. Saa ngapi?

FundiKitambaa

Saa tatu.

MzeeWaNyeupe, Umoja

Niko ndani. Githurai, njoo nawe tuone nyeupe yako inaruka ama hairuki.

Githurai_Stima

Nakuja. Lakini atakayenipangia mipira asiwe wa Roysambu.

NguvuMosi

Nitapanga mimi.

Polepole_SouthB

Basi na tochi nabeba mimi.