Naomba ushauri: GRUB haisomi keneli mpya kwenye Pentium 4

Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya Pentium 4 yenye RAM ya GB 1, ninayochapia kazi za wateja katika steshenari yangu hapa Kizota, Dodoma. Niliiwekea Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) ya biti 32 kwenye diski ya GB 160, patisheni (sehemu ya diski) moja pamoja na swap (sehemu ya kusaidia RAM), ikafanya kazi vizuri kwa wiki tatu. Juzi nilisasisha mfumo, na nilipoiwasha tena GRUB (programu inayopakia mfumo kompyuta inapowaka) ilisimama kwenye skrini nyeusi ikidai kuwa imejaribu kusoma nje ya mipaka ya hd0, yaani diski ya kwanza. Ajabu ni kwamba nikichagua keneli (kiini cha mfumo) ya zamani kwenye menyu, inawaka kama kawaida.

Nimepuliza vumbi (la Dodoma mnalijua), nimebadilisha waya wa IDE, nimeweka GRUB upya, na smartctl (programu ya kupima afya ya diski) haionyeshi ubovu wowote. Jana usiku ndipo nilipogundua kwamba BIOS (programu ya ubao mama inayoanzisha kompyuta) inaisoma diski hiyo kuwa ya GB 137, ilhali Debian inaiona yote. Nahisi kwamba GRUB, kwa kuwa husoma diski kupitia BIOS, hailifikii faili la keneli mpya lililoangukia nje ya mpaka huo, ila sina uhakika.

Je, nikitenga /boot (patisheni ya mafaili ya kuwashia mfumo) ya MB 500 mwanzoni mwa diski tatizo litakwisha, au ipo njia isiyonilazimu kuhamisha mafaili ya wateja? Na je, BIOS ya umri huu inaweza kusasishwa bila flopi, maana draivu yangu ilishakufa?