MJADALA: Picha za maandamano ya wenyeji asilia, apige nani na uso wa nani uonekane?

Mshale Butu
Wadau kuna kitu kimenikaa kooni tangu juzi. Ile picha ya mgogoro wa Oka kule Kanada mwaka 1990 mnaikumbuka? Wamohawk, wenyeji asilia wa pale, walikataa uwanja wa gofu usipanuliwe kwenye msitu wao wenye makaburi ya wazee wao, jeshi likaitwa. Kwenye picha askari kijana na mpiganaji aliyefunika uso kwa kitambaa wamesimama karibu pua kwa pua, wanakodoleana macho tu. Ilipigwa tarehe 1 Septemba na Shaney Komulainen, mpiga picha wa habari. Mgogoro mzima ulichukua siku 78 lakini leo watu wanachokumbuka ni ile sekunde moja.
Sasa swali, harakati kama hizi nani apige picha, mtu wa nje au wao wenyewe? Na nyuso ziachwe au zizibwe? Mimi msimamo wangu, wa nje anakuja kuvuna. Akishashiba anaondoka.

kipanga07
Wa kwanza leo 😂 Yule wa kitambaa si ndio yule Mmohawk waliyekuwa wanamwita Lasagna, jamaa alikuwa mkorofi balaa

Binti Nyika
Kipanga umekurupuka kama kawaida yako. Sio Lasagna. Yule ni Brad Larocque na wala sio Mmohawk, ni Mwojibwe, mwanafunzi wa chuo kikuu katoka Saskatchewan kuja kuwaunga mkono wenzake. Watu kibao walichanganya hata wakati ule. Mshale jibu lako liko hapohapo, picha imezunguka dunia nzima halafu aliyemo ndani anaitwa kwa jina la mtu mwingine.

kipanga07
Sawa mwalimu nimekosea jina, sijaua mtu

Dokta Ubishi
Samahanini kabla hamjafika mbali. Hao "wenyeji asilia" ndio akina nani? Maana mimi na bibi yangu hatukushuka na parachuti. Afrika yote sisi ni asilia, haya maneno wanakuja nayo wafadhili mkononi na fomu, nyie mnasaini.

Chausiku M.
Nilijua tu. Ubishi akiingia tunaanza upya.

Binti Nyika
Ubishi kaka yangu, hilo lilishajibiwa zamani. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu haisemi asilia ni nani alifika wa kwanza, inaangalia watu ambao maisha yao yameshikana na ardhi fulani na wamesukumwa pembeni na wenzao. Na Mahakama ya Afrika pale Arusha tarehe 26 Mei 2017 ikawatambua Waogiek wa msitu wa Mau kule Kenya ni watu asilia, ikasema serikali ya Kenya imevunja haki zao. Au nao majaji waliletewa fomu?

Dokta Ubishi
Ndio maana Kenya ilipinga lile azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu asilia 2007. Walijua mbele kuna kesi.

Chausiku M.
HAIKUPINGA. Ilijizuia kupiga kura. Waliopinga walikuwa wanne tu, Marekani, Kanada, Australia na Nyuzilandi, wote wana wenyeji wao waliowapora. Tanzania ilipiga ndiyo.

Dokta Ubishi
Kujizuia ni kupinga kwa adabu.

Chausiku M.
Basi na wewe jizuie kidogo.

Mama Pacha
Hahaha Chausiku. Jamani turudi kwenye picha. Kwa wanaosema mpiga picha hana ubaya wowote yeye anabonyeza tu, nendeni mkamsome Edward Curtis, yule mpiga picha Mmarekani. Kapiga Wahindi Wekundu (najua neno lenyewe bovu, nyamazeni) juzuu 20, kuanzia 1907 mpaka 1930. Kuna picha moja ya 1910 ndani ya hema la Wapiegan, mojawapo ya makabila hayo, wanaume wawili wamekaa, katikati yao palikuwa na saa ya mezani. Saa ile kaifuta! Kwenye picha iliyochapishwa haipo. Alitaka waonekane watu wa kale wanaokaribia kutoweka, na mtu anayetoweka hatakiwi kuwa na saa. Sasa niambieni huyo alikuwa anapiga picha yao au yake.

Mzee wa Lenzi
Mama Pacha hapo nakubali lakini msitupige wote rungu moja. Claudia Andujar yule mpiga picha, mzaliwa wa Uswisi, kakaa na Wayanomami, wenyeji asilia wa msitu wa Amazoni Brazili, miaka na miaka, na picha zake zikaingia kwenye kampeni mpaka ardhi yao ikatengwa rasmi 1992. Mtu wa nje kabisa. Na picha zake nyingine ni za watu wamevaa namba shingoni, sio wafungwa, ni za chanjo, kwa sababu Wayanomami hawana kawaida ya kutajana majina ovyo na daktari anahitaji kujua nani kachanjwa.

Mshale Butu
Mzee hao hao Wayanomami mtu akifa wanateketeza kila kitu chake. Picha ya marehemu kwao ni mzigo, na zimejaa kwenye makumbusho. Uliza kwanza wamekubali vipi.

Mzee wa Lenzi
Wewe kijana umewahi kushika kamera au unaongea tu? Mimi ni miaka 22 kwenye hii kazi.

Mshale Butu
Miaka 22 halafu bado unajibu swali ambalo sijauliza.

kipanga07
🍿

Binti Nyika
Tuongelee Standing Rock 2016 basi, kule Dakota Marekani, wenyeji asilia walipopinga lile bomba la mafuta la Dakota Access. Kambini kulikuwa na masharti, usipige picha watu wakisali, usipige picha moto mtakatifu, omba kwanza. Watu wa habari wengine walinuna kweli. Mwisho wa siku waliokaa ndio waliotoka na picha. Mpiga picha Josué Rivas alikaa miezi saba, kambi inalala naye analala, na picha zake unaona mtu anapika, mtu amechoka, mtoto yuko juu ya farasi, sio moshi na virungu tu. Huyo ni mwenyeji asilia mwenyewe, hakuja kuvuna.

Dokta Ubishi
Rivas si mzaliwa wa Meksiko? Kabila lake ni Mexica na Otomi. Pale Dakota ana uenyeji gani? Mnaona sasa, neno lenyewe haliwasaidii. Mkitaka mtu wa ndani semeni wa ndani ya wapi.

Chausiku M.
Inaniuma kukubali ila hapo ana hoja 😒

Mama Pacha
Ana nusu hoja. Larocque naye hakuwa wa pale Oka. Watu walitoka mbali kwa sababu shida ni ileile. Mtu uliyepokonywa ardhi na wewe, ukishika kamera hupigi kama mtalii.

fundi_giza
Mimi msomaji tu humu siku zote ila leo niseme. Hili la nyuso mnalipita haraka. Nilishapiga maandamano ya watu wanapinga kuhamishwa, sitaji wapi. Usiku nikakaa nikaziba nyuso zote, nyeusi tii, sio ule ukungu ukungu. Nikafuta na taarifa za mahali zilizomo kwenye faili. Nikajiona mjanja. Kuna kijana alikuwa mbele kabisa kavaa raba nyeupe, ya kushoto kamba nyekundu, ya kulia kamba ya kijani, alizifunga hivyo kwa sababu kamba moja ilikatika, aliniambia mwenyewe tukacheka. Siku nne baadaye wakamfuata kwao. Hawakuhitaji uso, walikuwa na viatu.

kipanga07
si ungekata picha chini

fundi_giza
Ningekata.

Mzee wa Lenzi
Pole mdogo wangu. Lakini kwani walimpata kwa picha yako, au kwa video za wengine mia waliokuwa pale na simu? Usijibebeshe peke yako. Na tukiziba kila kitu nani ataamini kilitokea? Wale mbwa walioachiwa waandamanaji Standing Rock na walinzi wa kampuni ya bomba tarehe 3 Septemba, mwandishi wa habari Amy Goodman na wenzake wasingewarekodi ingekuwa neno la kampuni tu. Wakamtolea na waranti ya kumkamata, jaji akaja kulitupa shtaka la fujo tarehe 17 Oktoba. Ushahidi unauma pande zote.

Mshale Butu
Goodman alikuwa na mawakili na kituo chake nyuma yake. Kijana wa raba alikuwa na nani?

Mzee wa Lenzi
Sijasema ni sawa.

Mama Pacha
Fundi mwanangu, ulimwomba ruhusa?

fundi_giza
Niliomba kupiga. Sikuomba kuposti. Wakati ule kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Binti Nyika
Hapo ndipo wa ndani wanapokosea kuliko hata wa nje, maana unadhani mnajuana. Mimi kwa sasa nasema picha ilale kwanza, wiki, mwezi, mpaka wenyewe waseme itoke. Habari ikipoa ipoe.

kipanga07
picha ya mwezi uliopita nani ataiangalia dada, watu washahamia kwingine

Binti Nyika
Asiyeiangalia asiiangalie.

Mama Pacha
Na yule kijana yuko wapi sasa?

fundi_giza
Yupo, alitoka. Simu yangu hapokei.

Dokta Ubishi
Poleni. Ila kwa kumbukumbu tu, kura ya 2007 mtu akijizuia

Chausiku M.
UBISHI.