Nasi goreng ya pilipili: nitumie nini Tanga badala ya terasi?

MkeWaBaharia (Chumbageni)

Assalam alaykum wapishi. Mume wangu ni baharia, na mpishi wa meli yao alikuwa Mwindonesia. Tangu arudi likizo hadithi ni moja tu: nasi goreng, wali wao wa kukaanga wa asubuhi, umekolea sosi mpaka mweusi, mkali hadi kamasi zinachuruzika, na yai juu. Nataka nimpikie kabla hajarudi kazini. Mpishi yule alimwandikia mahitaji yote, na mawili yamenikwamisha: kecap manis, ile soya sosi nzito tamu, na terasi, yaani kamba wadogo waliosagwa na chumvi, wakachachushwa, kisha wakakaushwa. Soya sosi ya kawaida nimepata, hivyo viwili sijaviona. Halafu, wali wa nazi utafaa? Kwangu wali haupikwi bila nazi.

KijanaWaKaole (Bagamoyo)

Dada, tia binzari ya pilau, nyanya ya kopo, soya sosi na pilipili mbuzi mbili. Mimi hupika hivyo na sufuria linabaki tupu.

BiMkubwa (Ngamiani)

Waalaykum salaam mwanangu. Nilifanya kazi jikoni Maskati chini ya mpishi mwanamke wa Surabaya, kisiwani Java huko Indonesia, na wali huu nimeupika naye sana, kwa hiyo nakwambia nililolifanya kwa mikono yangu.

Terasi isikuumize kichwa. Nenda soko la samaki la Deep Sea uulizie uduvi wakavu, wale kamba wadogo kabisa. Chukua kidogo kiganjani, sugua, pulizia, uone kama kuna mchanga unaobaki. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha. Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka harufu ijae nyumba, kisha watwange wangali moto. Hata terasi yenyewe huchomwa kwanza. Moto ndio unaoivunja ile harufu kali na kuacha utamu. Uduvi hawajachachushwa, basi ladha itakuwa nyepesi kidogo, ila ni ladha ya bahari ileile, na mimi naipenda. Dagaa usiweke, wataleta uchungu.

Kinuni humo ongeza pilipili ndefu nyekundu 4, pilipili kichaa 3, vitunguu maji vidogo 5 na punje 3 za saumu. Twanga kwa mchi. Blenda inataka maji, na viungo vyenye maji vitachemka badala ya kukaangika.

Kecap manis tunaipika wenyewe. Soya sosi nusu kikombe, sukari guru iliyopondwa nusu kikombe, moto mdogo, koroga mpaka mapovu yawe mazito. Epua ikiwa bado inatiririka, maana ikipoa inakaza. Wajava wanatumia sukari inayopikwa kwa maji ya mnazi uliogemwa, yaleyale ambayo huku tukiyaacha yanakuwa tembo, pombe ya mnazi. Sukari guru ndiyo iliyo karibu nayo kuliko nyeupe ya dukani.

Sasa toa karai la sambusa. Mafuta vijiko 3, yakishika moto tia viungo vyako, na hapa ndipo pa kusubiri. Kaanga mpaka rangi ikolee, mafuta yajitenge pembeni na harufu ya kitunguu kibichi iishe kabisa. Mtakohoa nyumba nzima, fungua madirisha. Tia kamba waliomenywa; wakibadilika rangi tia wali, wa sahani mbili tu kwa mkupuo. Ukijaza karai moto unazidiwa na wali unabaki kutoa mvuke. Kecap vijiko 2 vimimine kwenye ukingo wa karai, si katikati ya wali, viungue kidogo kwenye chuma ndipo ugeuze. Onja kabla hujafikiria chumvi, kwa sababu soya na uduvi vina chumvi yao.

Wali wa nazi hapana. Unashikana, na nazi inawafunika uduvi. Pika mchele mrefu wa kuchambuka, maji upunguze, uulaze.

Na wewe kijana wa Kaole, nyanya ya kopo inaulowesha. Viungo, sawa: Jakarta kuna nasi goreng ya nyama ya mbuzi, ina samli na viungo vinavyokaribiana na vya pilau vyetu, tamu sana. Lakini sidhani ndio aliokula baharia huyu asubuhi melini.

Juu weka yai lililokauka kingo, kiini kibaki laini, vipande vya tango na nyanya, na vitunguu vya kukaanga vilevile vya biriani. Wenyewe wanaula na kerupuk, vitafunio vikavu vya kamba vya kukaanga. Papadi za kukaanga zitafaa.

Muuguzi_Pangani

Naongeza kuhusu huo wali wa kulala. Usiulaze sufuriani jikoni na joto letu hili. Kuna bakteria wa wali, Bacillus cereus, anayeacha sumu ambayo hata ukikaanga vipi haifi. Ukiiva utandaze kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji umefunikwa. Asiye na friji apike asubuhi, autandaze, na aukaange mara tu ukishapoa.

MkeWaBaharia

Ahsanteni sana. Bi Mkubwa, nina watoto wawili, huo ukali hawauwezi. Nipike mara mbili?

BiMkubwa

Hapana mwanangu. Kwenye karai tia pilipili ndefu tu, uzitoe mbegu na utando. Za kichaa zitwange peke yake na uduvi kidogo, chumvi na ndimu, uweke kwenye kibakuli mezani. Baba achote kiasi chake. Na hicho kibakuli kiweke mbali na mdogo, mikono ya watoto haikawii kufika machoni.