Huyu mzee wa Kurasini ametuzoea! Kikombe cha chai juu ya fomu ya mtumiaji wa mwisho, kweli?

Mpiga Muhuri (mleta uzi)

Wakuu, mikono inatetemeka hapa, mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Simtaji jina. Sina haja. Yeyote aliyewahi kukimbizana na mafaili kati ya bandarini na Kurasini anamjua: simu tatu, Land Cruiser nyeupe inayoegeshwa mlangoni pa watu, na kile kikohozi kinachoingia ofisini kabla ya mwenyewe. Huyo huyo, anayetuletea sisi makarani mizigo ya kupitisha.

Leo asubuhi ameweka kikombe cha chai juu ya fomu. Chai ya rangi, ya moto, imejaa mpaka ukingoni. Tulimnunulia sisi! Akaiweka juu ya fomu ya mtumiaji wa mwisho niliyomwandalia ajaze, ile inayouliza mzigo utaishia kwa nani, kisha akanitazama mbele ya madereva, mbele ya makarani wenzangu, mbele ya kijana muuza karanga, akasema: "Dogo, kwani wewe ndiye Umoja wa Mataifa? Gonga muhuri."

Walicheka mpaka Kigamboni wakasikia.

Habari yenyewe ni hii. Kuna mzigo umeshuka kutoka Ghuba, paleti moja tu. Makaratasi yanasema vipuri vya pampu za maji, mwenye mzigo ni kampuni ya Lubumbashi, Kongo, transiti, yaani hapa unapita tu. Sawa, Lubumbashi tunapeleka mizigo kila siku ya Mungu. Lori halijaanza hata kupangwa, inaingia barua pepe: Lubumbashi hawautaki tena. Mzigo usitoke bandarini, utafutiwe meli nyingine urudi huko huko Ghuba, ila bandari tofauti na ulikotoka, na BL mpya, ile hati ya mzigo wa meli, itoke kwa jina letu sisi kama wasafirishaji. Jina LETU! Yaani huko unakokwenda uonekane umetoka Tanzania, kwa Watanzania, kama korosho.

Nikadai orodha ya vilivyofungashwa. Ikaletwa kwa shingo upande. Ndani hamna kipuri cha pampu hata kimoja. Ni vipima presha vya viwandani, vidogo, vya chuma cha pua, kimoja kinaenea kiganjani, na bei yake kwenye ankara inanunua pampu ya kijiji kizima na tenki juu. Nani anafunga kitu hicho kwenye pampu ya maji? Na nani ananunua kitu Ghuba, anakileta Dar, anakirudisha Ghuba, analipia bahari mara mbili, eti kabadili mawazo?

Hivi ni vitu vya matumizi mawili. Kiwanda cha dawa kinavitumia. Mtambo wa kurutubisha urani nao unavitumia, kupimia presha ya gesi ndani ya zile mashine zinazoizungusha kwa kasi. Ndiyo maana nchi zilizo makini hazikuachii uviuze bila leseni. Mwaka 2016 mahakama ya Boston ilimfunga mtu miaka 9 kwa kupitisha vipima presha vya Marekani China mpaka vikafika Iran. Miaka tisa! Na mimi naambiwa gonga muhuri.

Fomu yenyewe ukurasa mmoja. Nani atavitumia, wapi, kwa kazi gani, saini. Akaweka kikombe.

Narudia maana bado siamini. Alikuwa na meza nzima. Meza ya mninga, pana, bajaji inageuza. Akakiinua kikombe pale kilipokuwa kimetulia, akakivusha, akakitua katikati kabisa ya kisanduku kilichoandikwa MTUMIAJI WA MWISHO. Panapotakiwa jina la mtu sasa pana duara la chai.

Hoja yake? Eti mzigo haulipi ushuru hapa, kwa hiyo hautuhusu. Ugonjwa wetu wote uko hapo! Kinacholipiwa kina wenyewe, wewe leta friji ya mtumba uone utakavyozungukwa. Lakini mzigo unaoshuka meli hii na kupanda ile hauingizi senti, basi hakuna anayeutupia jicho. Fungua Jedwali la Tatu la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, vitu ambavyo kuvitoa nje kuna masharti: mkaa umo, mbao zimo, vyuma chakavu vimo, samaki wabichi wamo. Sangara ana sheria inayomlinda! Karani akiletewa kifaa cha mtambo wa urani anapekua jedwali, anakutana na sato.

Malaysia walifundishwa kwa aibu. Oktoba 2003 meli ya BBC China iligeuzwa ikapelekwa Taranto, Italia, ikakutwa na makontena matano ya vipande vya mashine za urani. Vimechongwa Malaysia, vimepitia Dubai, vinakwenda Libya, kazi ya mtandao wa A.Q. Khan, yule Mpakistani aliyeuza siri za nyuklia. Kwenye makaratasi viliandikwa vipuri vya mashine vilivyotumika. VIPURI, wakuu! Neno lile lile! Aprili 2004 Baraza la Usalama likapitisha Azimio 1540, kila nchi iwe na sheria ya kudhibiti vinavyotoka, vinavyopita na vinavyobadilisha meli. Falme za Kiarabu wakatunga yao 2007, Malaysia 2010, ina orodha, ina leseni, ina kifungo. Huyu mzee yeye ana kikombe.

Tunataka orodha yetu. Tunataka dawati moja la leseni linalopokea simu. Tunataka karani mwenye shaka awe na nguvu ya kisheria ya kuzuia mzigo, siyo kuitwa dogo mbele ya muuza karanga.

Sijagonga. Na sigongi.

#2 Kiboko ya Demaraji

Hii chai.

#3 Binti Tandika

😂😂 #2 umeua. Hii chai, na kikombe kaja nacho mwenyewe.

#4 Mzee wa Tunduma

Mkuu usiwasikilize hao. Huyo mtu namjua nje ndani. Mimi alifungulia chipsi mayai juu ya manifesti. Si pembeni. JUU. Kachumbari ikaingia kwenye namba ya kontena, sifuri ikawa nane, lori langu likalala Tunduma wiki nzima kwa sababu ya nyanya ya mtu. Niliporudi kumuuliza akakohoa tu.

#5 Sharobaro wa Tabata

Picha iko wapi? Uzi bila picha ni mahubiri.

#6 Mpiga Muhuri

Picha ina majina ya kampuni za watu, siwezi kuibandika hapa. Na sijaja kuonyesha picha. Mtu mzima amechukua waraka unaouliza silaha za maangamizi zinaweza kuishia kwa nani, akaufanya kisahani! Kisahani kilikuwepo! Kilikuwa pale pale mezani!

#7 Mjukuu wa Chifu

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo ya bandari. Hivyo vipima presha kama mwenyewe havitaki vinauzwaje? Mama presha inampanda sana miezi hii, na cha duka la dawa hapa mtaani kinasoma namba kinavyojisikia.

#8 Mpiga Muhuri

Siyo vya mkononi ndugu yangu! Ni vya gesi! Vya viwandani!

#9 Mjukuu wa Chifu

Sawa mkuu usikasirike. Ila kwa punguzo ni bei gani?

#10 Mvita Asilia

Nyinyi Dar mwaona jambo jipya. Sisi Mombasa yalitukuta tangu 2008. Meli ya Faina, mwezi wa Septemba, ikija Mombasa, maharamia wa Kisomali waliiteka, kufungua ndani wakakuta vifaru 33 vya T-72. Serikali ikatuambia ni vyetu, ni vya jeshi la Kenya. Makaratasi ya meli nayo yataja GOSS, kila mtu ajua ni serikali ya Sudan Kusini. Meli ikakaa na maharamia mpaka Februari 2009, kikombozi kikalipwa, vifaru vikashuka Kilindini mchana kweupe. Kisha 2010 barua za siri za balozi za Wamarekani zikavuja, kumbe safari ilikuwa ya Juba. Cheti cha mtumiaji wa mwisho kilikuwepo bwana! Kimesainiwa! Sasa wewe walilia duara la chai, sisi fomu yetu ilikuwa safi kabisa na vifaru vikapita.

#11 Simba wa Kariakoo

Mombasa mnyamaze kabisa. Mei 2015 Singapore walikamata meno ya tembo tani 3.7 yaliyotoka bandari yenu, yamefichwa wapi? Kwenye MAJANI YA CHAI. Nyinyi na chai mna kesi.

#12 Mvita Asilia

Na tembo wenu nyinyi mliwaacha wazi wakachinjwa. Usinianzishe usiku huu.

#13 Simba wa Kariakoo

Tembo hana pasipoti. Bandari ndiyo ina mlango.

#14 Binti Tandika

Hapa ndipo nilipopangoja. Nimekaa pale 🍿

#15 Fundi Rada

Mnacheka, lakini mleta uzi ana hoja, na mfano wa karibu zaidi ni Afrika Kusini. Mwaka 2003 mfanyabiashara wa Cape Town aliagiza Marekani swichi 200 zinazorusha cheche kubwa ya umeme. Hospitali huzitumia kwenye mashine ya kuvunja mawe ya figo. Kwenye fomu aliandika zinakwenda hospitali ya Baragwanath, Soweto. Sasa hospitali moja inatumia chache tu, mia mbili ni za figo za nani? Swichi hizo hizo zinaweza kulipulia bomu la nyuklia. Wamarekani walishatonywa, wakatuma 66 za kwanza zikiwa zimefishwa, wakazifuata: Cape Town, Dubai, Pakistani. Januari 2004 jamaa akakamatwa uwanja wa ndege wa Denver. Angalieni fomu yake. Idadi haikuendana na kazi. Hicho ndicho anachosema mleta uzi kuhusu bei ya kipima presha na pampu ya maji. Huhitaji mtambo wa mabilioni kuligundua hilo, unahitaji karani aliyeruhusiwa kuuliza.

#16 Mpiga Muhuri

Asante sana Fundi Rada. ALIYERUHUSIWA KUULIZA. Mimi niliuliza, nikawekewa kikombe. Na kilikuwa kinachuruzika!

#17 Kiboko ya Demaraji

Fundi Rada, swali zito: hizo figo 200 ni za mtu mmoja au ukoo?

#18 Mama Parachichi

Mimi nasema hapana! Msituongezee leseni nyingine! Mnajua ninavyohangaika kutoa parachichi Njombe? Cheti cha afya ya mimea, cheti cha asili ya bidhaa, kibali hiki, kibali kile, halafu cheti cha MIONZI. Parachichi! Nimeambiwa nisubiri majibu kama parachichi zangu zina mionzi, wakati mtu anapitisha vitu vya urani kwa chai ya rangi! Mkifungua dawati jipya mjue paleti ya mzee haitaguswa, zitashikwa parachichi zangu.

#19 Mpiga Muhuri

Mama, hiyo ndiyo hoja yangu! Orodha ikiwa wazi na parachichi haimo, hakuna wa kukugusa!

#20 Mama Parachichi

Mkaa umo na parachichi haitakuwemo? Nyie vijana hamjaijua nchi.

#21 Mzee wa Tunduma

Mama ana pointi. Nilishawahi kuzuiwa na magunia ya dagaa, nikaulizwa kama ni silaha. Harufu, wakasema.

#22 Mama Parachichi

Na hilo kontena la baridi! Limekaa uani limechomolewa umeme, mlinzi anachaji simu kwenye tundu langu. Namwambia kijana, humo ndani mna mali ya watu, ananijibu "mama, parachichi si inaiva tu?" INAIVA TU! Mnunuzi wangu yuko Uholanzi, anataka ifike ngumu kama jiwe, huyu ananiambia inaiva tu! Na alikuwa anaangalia mpira!

#23 Sharobaro wa Tabata

Mechi gani?

#24 Simba wa Kariakoo

Itakuwa ya juzi ile, kipindi cha pili. Hata mimi ningechomoa.

#25 Mama Parachichi

Huna adabu.

#26 Fundi Rada

Mama, kontena la baridi huwa lina kumbukumbu ya joto ndani. Waambie wakutolee, utaona saa lilipochomolewa, uwadai fidia. Wasikudanganye kwamba haitoki.

#27 Mama Parachichi

Ubarikiwe mwanangu, kesho asubuhi nipo mlangoni kwao. Wameniambia nijaze fomu ya malalamiko, na fomu zimeisha.

#28 Mpiga Muhuri

Jamani. Mzigo bado uko bandarini. Yule mzee amenipigia tena sasa hivi kwa simu yake ya pili.

#29 Kiboko ya Demaraji

Mama, hizo ni Hass? Zilizoiva unaziuzaje?

#30 Mama Parachichi

Hass, kubwa, mafuta matupu. Kreti kwa kreti, sitoi moja moja. Nipo nazo kwa ndugu yangu Mbagala.

#31 Binti Tandika

Mama nichukulie kreti mbili, naja jioni na bodaboda.

#32 Mjukuu wa Chifu

Na mimi moja. Naskia zinashusha presha.