Deni nimelimaliza, risiti ninayo mkononi, halafu naitwa MDAIWA SUGU mbele ya mkwe mwenzangu!

MamaVitenge_Tdh

Wakuu, mikono inanitetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe. Nimetoka pale sasa hivi, hata baibui sijavua.

Yule kaka mnamjua. Kila aliyewahi kukopa Mtwara mjini anamjua, sina haja ya kutaja jina wala ofisi. Yule wa shati la kubana na miwani ya jua ndani ya nyumba, anayekuchekea mpaka gego la mwisho siku ya kusaini, halafu siku ya rejesho salamu yako haisikii. Huyo huyo. Leo nimeingia, nimetoa salamu kwa adabu, akainua kichwa na kutamka kwa sauti iliyofika Mikindani: "Eeh, mdaiwa sugu wetu! Kumbe bado upo mjini?"

Mdaiwa sugu. Mimi. Na risiti ya kumaliza deni nimeishika mkononi!

Na kwenye foleni yumo nani? Mkwe mwenzangu, mama wa kijana aliyemposa binti yangu. Posa tumeipokea juzijuzi tu, pilau tumekula, mashangazi wamepiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mama wa watu akageuka, akanitazama, akatazama chini. Nilitamani sakafu ya ile ofisi ipasuke, initoe ng'ambo ya Ruvuma nianze maisha Msumbiji.

Kwa msiojua lilikotoka deni. Mwaka 2018 nilikuwa na duka Tandahimba, vitenge na magodoro. Mnajua biashara ya kule: mtu anachukua mali, unamwandika kwenye daftari, anakulipa korosho ikilipwa. Nikakopa nijaze duka msimu usinikute rafu tupu. Msimu ukafika na mambo yake. Wakulima wakagomea bei za mnadani, serikali ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, ukaja uhakiki wa mashamba. Mwaka ukageuka, watu wengi hawajaona hela. Mteja wangu hajalipwa, atanilipa na nini? Na daftari haliliwi. Lakini riba haikusubiri uhakiki, na faini ilipanda hata Jumapili.

NILILIPA. Nimeuza kiwanja cha Naliendele nikalipa. Nimelipa mkopo, nimelipa riba, nimelipa faini, nimelipa na kitu walichokiita gharama za ufuatiliaji, yaani nauli zao za kuja kunidhalilisha mlangoni kwangu nimezilipia mimi mwenyewe. Mpaka shilingi ya mwisho. Muhuri upo, saini yake yule kaka ipo.

Sasa naenda benki nyingine nikope kidogo kabla ya Oktoba, dada wa watu anaangalia kompyuta yake, ananiambia kwa upole: "Mama, hapa unasomeka una mkopo chechefu, haujalipwa." Haujalipwa! Siku ya kuchafua jina langu walikuwa na haraka, siku ya kulisafisha wamepotea. Ndiyo nikaenda kwake na maombi mawili tu, anipe barua ya kumaliza deni na apeleke taarifa kule walikonichongea kwamba nimeshalipa. Hajaniuliza shida yangu. Hajaniambia kaa. "Mdaiwa sugu wetu." Mbele ya mkwe!

Huyu mtu afanywe nini?

Kuchele_Asilia

Pole sana mama. Huyo jamaa nilimjua tangu shati halijaanza kumbana. Kwangu alibeba friji ikiwa na changu ndani, samaki nilionunua feri asubuhi ile ile. Nikamwambia basi niachie samaki, akasema samaki nao ni sehemu ya dhamana. Mtaa mzima wa Magomeni ulisikia harufu ya mchuzi kwake jioni.

MtuWaShangani

Mama vitenge, pole. Lakini swali dogo: huyo mkwe mwenzako alikuwa anafanya nini kwenye foleni ya mikopo?

Binti_Chikongola

@MtuWaShangani nimeanguka kitandani 😂😂😂

Mzee_wa_Uraka

MAHARI HIYO INAKOPWA. Funga mada.

MamaVitenge_Tdh

Nyie watu mna adabu kweli? Mama wa watu alikwenda kupeleka rejesho la kikundi chao, ni mweka hazina. Hana kosa lolote na naomba asiguswe humu. Mwenye kosa ni yule aliyenipigia kelele "mdaiwa sugu" wakati saini yake mwenyewe iko kwenye risiti yangu. Angeninong'oneza ningemsamehe. Alipaza sauti!

MtuWaShangani

Mweka hazina. Sawa mama. Tumeelewa.

Kalamu_Nyekundu

Tuache utani, hili ni jambo la haki yake. Mama, kurudi pale kwa mdomo hakutakusaidia. Andika barua, eleza mkopo ulikuwa wa lini na ulimaliza lini, ambatanisha nakala ya risiti (ile halisi usiiachie kwa mtu yeyote), peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea ubaki nayo. Dai mambo yako yale yale mawili.

Taarifa za wakopaji zinasimamiwa na Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, na leseni za kuzikusanya walipewa Creditinfo na Dun & Bradstreet. Hao hawajui kama umelipa, wanaandika alicholeta mkopeshaji. Kwa hiyo mkopeshaji akikaa kimya, wewe utasomeka unadaiwa mpaka kiama. Omba ripoti yako uisome mwenyewe, maana unaweza kukuta na madeni usiyoyajua. Ukiona kosa, lipinge kwa maandishi kwao na kwa mkopeshaji pia.

Mkopeshaji akikupuuza, kuna Kanuni za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na BoT, yaani hiyo Benki Kuu, wanapokea malalamiko. Tawi lao lipo hapa hapa Mtwara. Yule kaka akiona nakala ya barua imeandikwa "nakala kwa Benki Kuu", miwani ataivua mwenyewe.

Mzee_wa_Uraka

Barua ndefu kuliko barabara ya kwenda Newala.

MamaVitenge_Tdh

@Kalamu_Nyekundu ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Barua nitaiandika usiku huu huu. Lakini niambie, barua itanifutia lile neno? Taarifa ya kompyuta itasafishwa, sikatai. Masikio ya mkwe yatasafishwa na nani? Leo jioni kampigia simu binti yangu, anamuuliza "mama yako hajambo?" kwa sauti ya msibani.

Salum_Ughaibuni

Huku Marekani niliko nilichelewesha malipo ya kadi, alama zangu zikaporomoka, na huku alama zinakwenda kuanzia 300 mpaka 850. Kumbukumbu mbaya inakaa miaka 7 ndipo inaondoka. Ila ukipinga kosa kwenye ripoti, wana siku 30 za kulichunguza, sheria ya tangu 1970. Mfumo unamheshimu mtu.

Binti_Chikongola

Kaka Salum, huku tunazungumzia mtu aliyetukanwa mbele ya mkwe. Hizo 850 mkwe atazila na nini?

Salum_Ughaibuni

Nilikuwa naelimisha tu.

Wanjiru_Pwani

Poleni majirani. Kwetu Kenya ukiwekwa CRB, yaani kwenye kumbukumbu za wasiolipa mikopo, hata mkopo wa simu wa kununua unga hupati. Mwisho wa 2022 Benki Kuu yetu ilitangaza mpango wa watu waliokwama na mikopo midogo ya simu: wanasamehewa angalau nusu ya deni, nusu iliyobaki wanalipa, mpaka Mei 2023. Wengi walifurahia. Mimi sikuguswa, langu lilikuwa kwa shemeji.

Dogo_wa_Ligula

Bora nyie wa ofisini, mtu anakutukana ana kwa ana unamwona. Mimi nilikopa kwenye apu ya simu, hela ya kula wiki moja. Nikachelewa kidogo, wakaingia kwenye majina ya simu yangu. Meseji wametuma kwa bosi, kwa fundi cherehani, kwa imamu, kwa msichana ambaye ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kuongea: "MWAMBIE NDUGU YAKO ALIPE, NI TAPELI." Msichana kanijibu "kumbe." Basi. Neno moja, "kumbe". Sijawahi kupata jibu jingine.

Novemba 2024 BoT walipotoa ile orodha ya majukwaa 69 yasiyo na leseni niliisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari. Ile apu niliikuta. Nililia kwa furaha pale pale kwenye bajaji.

Kuchele_Asilia

Dogo pole. Wewe umepoteza mchumba, mimi changu zangu. Nani kapoteza zaidi?

Dogo_wa_Ligula

Kaka samaki wanarudi feri kila asubuhi.

MamaVitenge_Tdh

Nawasikia wanangu, kila mtu na yake, lakini uzi huu ni wa yule kaka. Mdaiwa sugu ni mtu anayekimbia. Mimi nilikimbia? Nilihama Tandahimba? Kila walipokuja walinikuta dukani. Nimeuza ardhi nilipe! Na kuna waliokopa kwake wakahamia Dar mpaka leo hawajulikani walipo, hao hawaitwi jina lolote. Anayeitwa ni aliyelipa, kwa sababu ndiye anayerudi kuomba barua. Hilo ndilo linaloniunguza.

Mpulizaji_Nanyamba

Mama unasema wateja hawakukulipa 2018 kama vile tulikataa. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wa uhakiki. Shamba nimepanda mwenyewe, mikorosho inanijua, naulizwa "thibitisha ni lako". Godoro nililokopa kwa mama mmoja Tandahimba nililipa 2020 na kuku juu.

MamaVitenge_Tdh

@Mpulizaji_Nanyamba mwanangu wewe ndiye wa godoro la futi tano? Ulilipa, nakukumbuka. Kuku alikuwa jogoo.

Mpulizaji_Nanyamba

Ndiye mimi mama. Shikamoo.

MamaVitenge_Tdh

Marahaba mwanangu.

Mzee_wa_Uraka

Wenye shida na uhakiki walikuwa wa kangomba. Mnanunua korosho za maskini kwa bakuli kwenye kibaraza, hamna hata mche wa mpapai, halafu mnalia uhakiki.

Mpulizaji_Nanyamba

Mzee chunga kauli. Nina ekari zangu, njoo Nanyamba nikuoneshe. Wewe ndiye uliyekuwa na mizani ya uani, tunajuana.

Mzee_wa_Uraka

Mizani ilikuwa ya kupimia mabibo, yale matunda ya mkorosho.

Binti_Chikongola

Mabibo yanapimwa tangu lini??

Kalamu_Nyekundu

Jamani, mada.

MweraHalisi_Nachingwea

Mimi naona mnapigana na mtu mdogo. Tuzungumze makato. 2024 mnada wa kwanza bei ilivuka 4,000, kila mtu akashangilia. Nenda kachukue hela yako sasa: ushuru wa huku, mchango wa kule, usafirishaji, ghala, chama cha ushirika. Ukiuliza karani unajibiwa "ni utaratibu". Mkulima akifika nyumbani anachobaki nacho ni hadithi. Ndiyo maana mwezi wa tano anakwenda kwa huyo kaka wa miwani. Ningekatwa kidogo nisingemjua huyo mtu kabisa.

Mpulizaji_Nanyamba

Hapo Lindi mmesema kweli. Huku kwetu nao mzigo unakaa ghalani, mnyaufu unahesabiwa kwangu. Korosho zinanyauka zikiwa mikononi mwao, anayekatwa mimi.

MweraHalisi_Nachingwea

Na kilo zikipungua hakuna anayeitwa mdaiwa sugu.

MamaVitenge_Tdh

Hapo umenena baba. Chama kinaweza kumdai mkulima au mkulima kukidai chama, anayetangazwa foleni nzima ni mmoja tu. Kesho barua naipeleka, muhuri wa kupokea nausubiri hapo hapo kaunta, na nitavaa kitenge changu kipya cha harusi aone.

MtuWaShangani

Mama kama mweka hazina atakuwepo msalimie.

Mzee_wa_Uraka

Harusi lini kwani? Na uraka utakuwepo au ni soda tu?

Binti_Chikongola

Mzee wewe hujaalikwa.

Mpulizaji_Nanyamba

Wakuu, niko mjini leo, bomba langu la kupulizia linakohoa tu haliwaki. Fundi wa pale stendi ya zamani kahama? Mwenye kumjua mwingine aniambie kabla duka la vipuri halijafungwa.

MweraHalisi_Nachingwea

Angalia plagi kwanza. Na salfa usiiache ndani ya tangi usiku, inaziba.

Mpulizaji_Nanyamba

Plagi nimebadilisha jana. Bado.