Ushauri: Nisimulie safari yangu na baba mbele ya watu, au ninyamaze?

Mtoto wa Saba: Wakuu, habari zenu. Mzee wangu anatimiza miaka 70 Jumamosi na mimi ndiye niliyepewa nafasi ya kusema machache. Nataka kusimulia siku niliyotimiza saba, aliponichukua tukasafiri kwa treni usiku kucha, mimi na yeye. Hakuwa na zawadi. Akawasha njiti saba za kiberiti, moja baada ya nyingine, mimi napuliza. Ya saba ikamuunguza kidole, akacheka mpaka abiria wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Nje mwezi mpevu ndio ulikuwa unachomoza, saa sita usiku. Picha ninayo: amenipakata, njiti mkononi. Ila kuna mtu wa karibu hataki niiseme hiyo habari. Nifanyeje?

Kalamu Kavu: Usisome karatasi tu. Mimi kwenye harusi ya mdogo wangu nilisoma, kufungua ukurasa wa pili kumbe ni risiti ya suti.

Mja Mnyonge: Kila mwaka unaofurahia umepungua kwenye hesabu yako. Muombee mzee dua, inatosha.

Dereva Mstaafu: Umenikumbusha mbali. Marehemu baba alinipakia kwenye lori nikiwa na miaka sita. Nililala njia nzima, sikuona mto wala mlima. Ninachokumbuka ni koti lake alilonifunika, kifungo cha baridi kimenigusa shavu. Basi, safari yangu yote ni kile kifungo.

Mama Wawili: Pole mzee wangu. Mleta mada, baba kakupakata na njiti kashika. Nani alipiga picha?

Mtoto wa Saba: Abiria.

Mama Wawili: Abiria gani? Na huyo asiyetaka useme ni nani? Ushauri hautolewi gizani.

Mtoto wa Saba: Haya. Asiyetaka ni mama. Tulikuwa na dada mmoja chumbani mle, niliambiwa nimwite shangazi. Baba hana dada. Nyumbani tuliaga tunakwenda kwa bibi, na kwa bibi hatukufika. Lakini jamani, mimi nilikuwa mtoto! Siku ile ni yangu pia. Shangazi simtaji, nasema treni na njiti, nakaa. Na picha nimeshaikuza na fremu nimeshalipia.

Kalamu Kavu: Ooh! Kumbe umekuja kuomba baraka, siyo ushauri.

Mja Mnyonge: Msitiri mzazi wako.

Mama Wawili: Yupi kati ya wawili?

Jicho la Bundi: Wakuu mnanyweshwa chai. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Saa sita usiku unakuwa umeshapanda juu kabisa. Unaochomoza saa sita ni nusu, tena unaelekea kufa. Huyu katunga, kesho atatuletea sehemu ya pili.

Kalamu Kavu: Na sukari imezidi.

Mtoto wa Saba: Ningetunga ningejipa baba mwenye zawadi! Mwezi niliuona mimi.

Dereva Mstaafu: Bundi, punguza. Kumbukumbu hujishonea viraka yenyewe. Mwaka 1995 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio: watu 24 walisimuliwa visa vya utotoni mwao, kimoja cha uongo, kwamba waliwahi kupotea dukani. Sita wakakikubali, kizima au nusu. Mwezi unaweza kuwa kiraka na treni ikawa kweli.

Jicho la Bundi: Basi na shangazi ni kiraka.

Mama Wawili: Shangazi alishika kamera, bwana. Muulize mama yako mwezi ulikuwaje.

Mtoto wa Saba: Nimerudi. Nilimkuta mama anakunja nguo. Nikajifanya namuuliza juu juu tu, eti siku ile ya treni mwezi ulikuwa mpevu au nusu? Hakuinua kichwa. Akamaliza shati la baba, akalinyoosha kola, ndipo akasema: "Mwezi sijui. Vitanda vilikuwa viwili. Shangazi yako alilala kipi?"

Jicho la Bundi: Hoja ya mwezi naiondoa.

Kalamu Kavu: Mwenye fremu hawezi kukurudishia japo nusu ya hela?