Naomba ushauri: dayalisisi ya mashine ama ya tumbo?
Jamani habarini, mamangu figo zote zimefeli na kila Jumanne na Ijumaa tunatoka Kayole alfajiri na matatu kwenda dayalisisi (kusafishwa damu) ya mashine, masaa manne damu inazungushwa kwenye chujio, akirudi amechoka hadi kijiko cha uji namshikia mimi. Sasa daktari ametaja ile ya tumbo, anawekewa mrija wa mpira tumboni karibu na kitovu, mnaingiza maji ya dawa kama lita 2 yanavuta sumu masaa kadhaa kisha mnayatoa, mara 4 kila siku, nyumbani. Nimeipenda juu sumu inatoka polepole, lakini tunaishi chumba kimoja na maji hukatwa, naogopa sana infekshoni. Kuna mwenye mgonjwa wake ameitumia hapa Nairobi? Usafi mliuwezaje?